Tupeane uzoefu: kununua vyombo vya zamani mnadani na kuviuza tena

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria minada ya vyombo vya nyumbani, hasa ile ya familia zinazohama, nikitafuta vitu vya zamani vya kuwauzia wenye hoteli na mikahawa wanaopenda kupamba kwa mambo ya kale. Naanza na cherehani za Singer, kwa kuwa ndizo nizijuazo zaidi.

Kila dalali atakwambia kuwa mashine iliyo mbele yake imetimiza miaka mia. Msibishane naye, inameni mtazame namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa gurudumu. Kwa kawaida namba isiyo na herufi ni ya mashine iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1900. Herufi F au Y huonyesha kiwanda cha Clydebank, Uskoti, na G huonyesha kile cha Elizabeth, New Jersey. Hata hivyo, umri pekee haupandishi bei, kwa maana mashine hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Ninachokilipia ni nakshi za dhahabu ambazo hazijafutika pale mkono wa fundi ulipopita kila siku, boksi la mbao lenye ufunguo wake, na, kwa zile za zamani zaidi, kile kidude chenye umbo la mtumbwi kinachobeba bobini ya uzi wa chini, ambacho mara nyingi hupotea na kuiacha mashine nzima ikiwa pambo tu. Kabla mnada haujaanza, telezesheni kibati kilicho chini ya sindano mhakikishe kimo.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante kwa mada. Niongeze la zebaki nyekundu, kitu kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa mno, kwani bado linawaliza watu. Mwaka 2009 ulienea uvumi nchini Saudi Arabia kwamba sindano za Singer za zamani zina zebaki hiyo, bei zikapaa, na watu wakawa wanasogeza simu ya mkononi karibu na sindano ili waone kama mawasiliano yatakatika. Hakuna zebaki yoyote ndani ya cherehani. Juzi alinijia mtu dukani akidai ana tajiri wa Uarabuni anayeitaka mashine yangu kwa bei ya kiwanja, mradi nitangulize fedha ya "kipimo". Nilimwambia kipimo akilipe tajiri mwenyewe, na hajarudi.

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni wa karabai, zile taa za mafuta zinazopigwa pampu. Kila mara naenda mnadani na sumaku ndogo mfukoni, kwa sababu sumaku haishiki tangi la shaba hata kama limepakwa rangi, ilhali bati lililong'arishwa lifanane na shaba hushikwa papo hapo. Baada ya hapo napiga pampu na kusikiliza: ngozi ya pampu iliyokauka ni kazi ya fundi ya siku moja, lakini tangi lililotoboka ni hasara. Ukishainunua, usiisugue kwa mchanga na limau. Wakusanyaji huipenda ile rangi ya ukongwe, nao hupunguza bei wakiona imekwanguliwa.

Mchangiaji, Leicester, Uingereza

Kwa sisi tulio huku, nyundo ikigonga hesabu bado haijaisha. Nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Ada ikiwa asilimia 25, mdila (birika la kahawa) wa shaba ulioupata kwa pauni 100 utakutoka kwa pauni 130, na usafirishaji haujaingia. Mimi huandika dau langu la mwisho kwenye karatasi nikiwa nyumbani, ada ikiwa imeshatolewa humo.

Mchangiaji, Bagamoyo

Wanaofikiria kuwauzia watu wa nje wasome kwanza Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, wala hakivuki mpaka bila kibali. Cherehani haimo humo.

Mleta mada

Nashukuru, ndugu wa Bagamoyo. Je, yupo mwenye uzoefu wa saa za ukutani za kujaza kwa ufunguo? Ninayo moja ambayo pendulamu yake si ya asili, na mnunuzi ameshaligundua hilo.