Mjadala: Geralt afe au asife kwenye The Witcher IV?

Wakuu, kama hujamaliza The Witcher 3, gemu la Geralt, mwinda mazimwi wa kulipwa, na bado una nia ya kuimaliza, ishia hapa hapa. Mbele nataja nani alikufa na alifia wapi.

Tangu trela ya The Witcher IV itoke Desemba 2024, tukajua kwamba safari hii mhusika mkuu ni Ciri, binti wa kulea wa Geralt, kuna utabiri unaorudiwa kana kwamba CD Projekt Red, studio inayolitengeneza, wameshautangaza: mzee Geralt anauawa mapema, Ciri analia, halafu gemu lote lililobaki ni kisasi. Doug Cockle, anayempa Geralt sauti, alishasema kwamba Geralt atakuwemo ila hadithi si yake tena. Watu wakaishika hiyo "si yake tena" na kuanza kuchimba kaburi.

Mimi nasema asife, na wala si kwa sababu namwonea huruma. Nafasi ya mlezi anayekufa ili mwanafunzi akue ilishajazwa. Vesemir, mwinda mazimwi mzee aliyewafunza Geralt na Ciri, aliuawa na Imlerith, jemadari wa Wild Hunt (jeshi lililokuwa likimsaka Ciri), kwenye vita vya Kaer Morhen, ngome ya wawinda mazimwi, Ciri akishuhudia, na ukelele alioupiga ndio uliowashinda nguvu Wild Hunt. Damu hiyo ililipwa kwenye gemu hilo hilo, Imlerith alipouawa kule Bald Mountain. Ukimuua na Geralt, utakuwa unamfundisha Ciri somo alilokwisha kulifaulu.

Kinachoninyima usingizi mimi ni macho ya Ciri. Kwenye trela ana macho ya paka na anakunywa dawa za wawinda mazimwi, dawa ambazo mtu wa kawaida akizionja anakufa. Maana yake amepitia Jaribio la Nyasi, mateso ya dawa za sumu yanayomgeuza mtu kuwa mwinda mazimwi. Sasa nani alimfanyia? Gemu la tatu lilituonyesha Jaribio hilo kwa karibu pale Uma, kiumbe aliyelaaniwa, alipofungwa mezani ili laana imtoke: Vesemir anaongoza, Yennefer, mchawi mpenzi wa Geralt na mlezi wa Ciri, yuko juu yake na uchawi wake, yule kiumbe anapiga kelele mpaka unatamani kuzima spika. Vesemir ndiyo huyo kafa. Kati ya waliosimama kwenye chumba kile, mwenye ujuzi na ujasiri wa kurudia kitu kile ni Yennefer.

Ndiyo maana hatima ninayoihofia ni ya Yennefer. Tuseme Ciri mwenyewe alimwomba, naye akakubali. Geralt alipitishwa kwenye mateso yale utotoni, akaongezewa na majaribio mengine yaliyomtoa nywele nyeupe, na anajua wavulana wengi hawakuinuka tena kutoka kwenye meza ile. Anamsameheje? Nipeni Geralt mzima, yuko Corvo Bianco, shamba lake la mizabibu, hataki kusikia jina la Yennefer, na Ciri akiwa katikati akijua yeye ndiye chanzo. Hilo lina uzito kuliko jeneza.

Najua kuna waliomchagua Triss, mchawi mwingine, awe mpenzi wa Geralt, watakaosema Corvo Bianco yao haikuwa na Yennefer. Sawa, na hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipo: kila mchezaji alichagua njia yake. Gemu la tatu lina miisho mitatu kwa Ciri: awe mwinda mazimwi, atawale dola la Nilfgaard, au asirudi kabisa. Na inategemea mambo madogo kweli. Akiwa amevunjika moyo pale Kaer Morhen, ukimpa kinywaji na kumwambia si lazima awe bora kwa kila kitu, badala ya kutoka naye mkarushiane theluji, umeshaanza kumpoteza. Aliyemfikisha kwenye kiti cha enzi kwa jasho lake ana haki ya kununa akiona gemu jipya linamtupa barabarani na upanga.

Wengi wanadai turuhusiwe kuingiza sevu zetu, yaani maamuzi tuliyohifadhi kutoka gemu la tatu. Haya, tuangalie historia. Gemu la tatu lilikuwa na njia yake: Geralt ananyolewa ndevu kule Vizima huku Morvran Voorhis, jenerali wa Nilfgaard, anamhoji ulichokifanya kwenye gemu la pili. Ukisema ulimwacha Letho, yule muuaji wa wafalme, hai, unaweza kukutana naye. Safi. Lakini Iorveth, kiongozi wa waasi, ambaye kwenye gemu la pili ungeweza kufuata njia yake badala ya ya Roche, kamanda anayewasaka waasi hao, na kupata sura nzima tofauti, haonekani popote. Hakuuawa, alinyamaziwa tu. Dragon Age: The Veilguard ya 2024 nayo ilibeba maamuzi matatu tu kutoka gemu lililotangulia. Mara nyingi sevu zikiheshimiwa, inakuwa hivyo: mhusika akiwa na hatima nyingi mno, wanaona heri asitajwe kabisa. Afadhali studio ichague mwisho mmoja na iusimamie mbele ya mashabiki waliokasirika.

Kuna nadharia ya kati, kwamba Ciri alitawala kisha akaondoka. Inawezekana, ila Nilfgaard isingemwacha mrithi wake atembee vijijini akiua mazimwi kwa sarafu mbili tatu.

Kwa hiyo mnaotaka Geralt afe, nijibuni: nani anamuua, na kifo hicho kinambadilisha Ciri kwa lipi ambalo cha Vesemir hakikufanya? Na mliomvika Ciri taji, mngependa ashukeje kwenye kiti kile bila nyie kujiona mmedharauliwa?