Mpeleka maji anaporudi Ngarambe: anamliliaje mwalimu ambaye nusu ya kijiji inamlaani?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi ya kubuni, yenye mizimu inayosema na mtu anayezama bwawani akatoka mkavu, nami nimekwama katika sura moja tu, ile ya kurudi nyumbani.

Msingi wake mnaufahamu, ni Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, kule Rufiji, alisemekana kuchukuliwa na mzimu uitwao Hongo, akazama majini mbele ya watu wake, na kesho yake akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Baada ya hapo watu walimiminika kwake kufuata dawa, yaani maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Wajumbe wake, ambao nao waliitwa mahongo, waliisambaza dawa hiyo mbali sana na kwao. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, kwa hiyo hakuyaona yaliyofuata hadi 1907, wala njaa iliyokuja nyuma ya vita, ambayo pamoja na risasi iliondoka na watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na 250,000 au zaidi kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria.

Mhusika wangu ni mmoja wa mahongo hao. Anarudi Ngarambe mwaka 1908 akiwa na kibuyu kilekile alichoondoka nacho, kimezibwa kwa gunzi, na ndani yamebaki maji yasiyojaza hata kiganja. Mwalimu wake, yaani Kinjeketile, aliponyongwa, yeye alikuwa kusini, hivyo hajawahi kumlilia. Anapofika, anakuta nusu ya kijiji wanamwita marehemu mwongo aliyewamalizia watoto, na nusu nyingine bado wanamwaga unga wa mtama kando ya bwawa. Nikimfanya alie, anaonekana hana haya mbele ya kina mama ambao hata maiti za wana wao hawakuziona. Nikimfanya asilie, sura inakuwa kavu kama gunzi lenyewe. Na je, maji yaliyobaki kibuyuni yafanye kazi au yasifanye? Naomba mawazo yenu.

Jibu la kwanza

Ndugu mleta mada, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linaloharibu hayo mengine. Usiyaache maji yaamue kesi. Yakifanya kazi, waliokufa watakuwa ni watu walioshindwa kufuata masharti, na kosa litakuwa lao. Yasipofanya, utabaki na hadithi ya tapeli, ambayo msomaji ataikasirikia kisha aisahau. Katika hadithi ya mizimu unao uhuru wa kuyapa maji uwezo wa kweli katika jambo moja ambalo halina uhusiano wowote na risasi. Labda yanamwezesha mtu kumsikia aliyezama. Hapo kila upande utakuwa na ushahidi wake, na hakuna utakaotosha.

Pili, umeiacha miiko, na mimi naona hiyo ndiyo kiini cha ugomvi wote. Dawa ile ilikuja na makatazo: asiyejizuia na mke wake, au aliyepora mali vitani, maji hayakumlinda. Kwa hiyo kila aliyeanguka, jibu lilikuwa tayari, kwamba amevunja mwiko. Sasa hebu mweke mama mmoja mbele ya kijana wako. Mwanawe alipigwa risasi akiwa mbele ya wenzake, na wale wanaomtetea mwalimu hawana namna ya kumtetea isipokuwa kwa kusema kwamba mtoto wa mama huyu alikuwa mwizi au mzinzi. Mama huyo wala hana haja ya kubishana juu ya mizimu. Anachotaka ni jina la mwanawe lisafishwe, na mtu pekee anayeweza kulisafisha ni yule aliyemnyunyizia maji kwa mkono wake, tena kwa kukiri kwamba kijana aliishika miiko yote mpaka dakika ya mwisho. Akikiri hivyo, amemzika mwalimu wake mara ya pili.

Kando kidogo ya hoja: baada ya Kinjeketile kunyongwa, ndugu yake alishika nafasi hiyo akitumia jina la Nyamguni na kuendelea kutoa dawa. Kama humo katika rasimu yako huna mrithi anayedai kiti, jiulize kwa nini umemwacha nje.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu miiko, lakini naona nyote wawili mna haraka ya kuwafikisha watu kwenye mabishano. Mtu anayerudi kule mwaka 1908 harudi kwenye baraza la wazee waliokaa wakimsubiri watoe hukumu. Chini ya Gavana von Götzen majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na kuchukua nafaka ghalani kwa makusudi, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba njaa ingefanya kile ambacho bunduki zilichelewa kukimaliza. Vijiji vizima vilihama au vilikwisha. Pori lilirudi hadi milangoni, na tembo na nguruwe wakaingia walikokuwa wakilima watu. Sehemu ya nchi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo baadaye ikawa pori la akiba la Selous.

Kwa hiyo mtu wa kwanza atakayemwona kijana wako hatamwuliza habari za mwalimu. Atatazama kibuyu. Atataka kujua kama ndani kuna mbegu. Na hapo kijana atalazimika kusema kwamba ni maji. Mimi ningeiandika sura nzima juu ya dakika hiyo moja, mtu mwenye njaa ananyosha mkono, anaambiwa ni maji, na mkono unarudi ulikotoka bila neno. Kulia kwake kutakuja baadaye, atakapokuwa peke yake akichimba mizizi ya kula kama wengine, na hakuna atakayejua kama anamlilia mwalimu au analilia tumbo. Wala yeye mwenyewe asijue.

Jambo dogo la lugha, niwie radhi: usiwaachie watu wa Ngarambe waongee kama makarani wa boma. Penye uchungu waachie Kimatumbi au Kindengereko chao, hata kama ni neno moja tu, na usilitafsiri.

Jibu la tatu

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Mnamzungumzia mwalimu kana kwamba urithi wake una pande mbili tu, waliomwamini na waliomlaani. Upo upande wa tatu, na ndio unaomgusa huyu kijana kuliko mtu mwingine yeyote. Katika simulizi zilizokusanywa kwa wazee wa kusini, Kinjeketile aliwaagiza watu wachukue dawa, wafanye mazoezi, kisha wasubiri amri yake. Amri hiyo haikutoka. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, wazee Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba katika shamba la kulazimishwa, na huo ukawa mwanzo wa vita. Waliokuwa wakipelekana habari kwa minong'ono, ile waliyoiita njwiywila, walikwisha kuzifikisha mbali mno kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Sasa mwulize mhusika wako: ulipofika kwenye vile vijiji vya mbali, ulitoa maji, je, neno la "subirini" ulilitoa? Au uliliacha njiani, kwa sababu maji yalikuwa yakipokelewa kwa ngoma na vigelegele, na "subirini" haina anayeipigia vigelegele? Mimi naamini hapo ndipo hadithi yako ilipo. Hasira dhidi ya mwalimu inamfaa sana kijana huyu, maana kila anayemlaani marehemu anamwondolea yeye mzigo. Huzuni yake itakuwa na uzito siku atakapoacha kuipokea nafuu hiyo.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 imekwisha kumshughulikia mwalimu mwenyewe, na inamfikisha mahali anapokataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Usishindane nayo. Wewe baki na mjumbe, ambaye historia haikumwandika.

Mleta mada

Nawashukuru sana, na hasa ndugu wa jibu la tatu, ingawa amenifutia kurasa kumi na nne. Jana usiku nimeiandika sura upya. Nimemwondoa yule mzee aliyekuwa akihutubia chini ya mti, na mrithi anayedai kiti sasa yumo, ila anaonekana kwa mbali tu, akipokea unga wa watu kando ya bwawa katika mwaka ambao hakuna mwenye unga wa kumwaga.

Mama amebaki. Anataka kujua mwanawe alivunja mwiko gani. Kijana anamjibu kwamba hakuvunja mwiko wowote, kisha anamweleza neno alilopewa Ngarambe na ambalo hakulifikisha. Mama hapigi kelele. Anaingia ndani, anatoka na jembe ambalo mpini wake umeliwa na mchwa, anaelekeza kidole upande ambako pori limefika karibu na ukuta wa nyumba, na kijana anaanza kufyeka kabla jua halijapanda. Kibuyu ameking'iniza kwenye tawi. Mchana, akiwa na kiu, anakitazama, na kalamu yangu imesimama papo hapo, kwa kuwa sijaamua kama atang'oa gunzi.