Wauzaji wa boti kuukuu za faiba, mmetuchosha na huo uongo wa "faiba haiozi"

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kila ukienda kuangalia boti ya faiba yenye miaka ishirini au thelathini, mwenye mali au dalali wake anakupokea na maneno yale yale: "Hii faiba bwana, siyo mbao, haiozi."

Sawa, nyuzi za kioo na resini haziozi. Lakini boti nyingi za zamani zina mbao tumboni! Ubao wa tezi, pale inapofungwa mashine, mara nyingi ni plaiwudi iliyovikwa faiba nje na ndani. Mataruma yanayobeba sakafu, mbao. Deki nyingi zina balsa katikati, aina ya mbao nyepesi sana. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri linatosha: maji yanaingia, hayana pa kutokea, na baada ya miaka mbao imekuwa uji wakati nje kunang'aa. Na wanaouza wanajua, hilo ndilo linaloniuma.

Boti ya mwisho niliyoikagua, ngama, yaani kule chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika, ilikuwa imepakwa rangi mbichi kabisa. Nani anapaka rangi ngama ya boti anayoiuza kama hakuna anachofunika? Nikaanza kugonga deki kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima hulia kavu, ko ko ko. Palipooza, au tabaka zilipoachana, sauti inakufa. Kuzunguka miguu ya reli ilikuwa inakufa karibu kila nilipogonga. Nikaenda nyuma, mashine ikiwa imeinuliwa, nikashika mguu wake karibu na pangaboi nikabonyeza. Tezi ikacheza, nyufa za pembeni zikafunguka mbele ya macho yetu wote. Mwenye boti akanijia juu, eti naharibu mali ya watu! Tezi isiyohimili mikono ya mtu mmoja itahimilije mashine ya kilo 200 ikisukuma kwenye mawimbi? Watu watapanda humo na watoto wao.

Halafu ule ujanja wa kuiacha boti nchi kavu. Maji hupenya jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, taratibu, huyeyusha kemikali zilizobaki kwenye resini, na kile kimiminika kinavuta maji mengine mpaka ngozi ya boti inatutumka malengelenge. Ukitoboa moja kinatoka kitu chenye asidi na harufu ya siki. Kusema haki, malengelenge machache si sababu ya kuikimbia boti, yanatibika na bei inashushwa. Ila boti ikishakaa nchi kavu wiki kadhaa malengelenge hunywea, na mnunuzi anaoneshwa tumbo laini lililosuguliwa na kupakwa rangi. Ndiyo maana nataka kuiona siku ile ile inapotolewa majini. Nikiomba hivyo naambiwa mimi ni msumbufu. Nikija na kipima unyevu, naambiwa simwamini mwenzangu. Simwamini, ndiyo! Naleta kipimo kwa sababu macho hayaoni ndani ya faiba, na hata hicho kipimo huhitaji fundi anayekijua, maana rangi yenye shaba inaweza kukidanganya.

Mashine nayo. Nimesema kwenye simu, tafadhali usiiwashe kabla sijafika. Nafika, nagusa, ya moto! Mashine ikiwa baridi ndipo unapojua inawaka kwa shida au la, na moshi wake wa kwanza ni wa namna gani. Tukafungua skrubu ya mafuta ya gia, yakatoka meupe, yaani maji yameshapita sili. Jibu la dalali: "Hizo zote ziko hivyo."

Na umri mnatupunguzia. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina namba ya herufi na tarakimu 12 nyuma, upande wa kulia, na tangu 1984 tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Nimeambiwa boti ni ya 1998, namba inaishia na 89. Tukigundua hilo mnakasirika ninyi!

Kuna na povu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame. Likishalowa halikauki kirahisi, na kila lita ya maji iliyonaswa humo ni kilo moja ya mzigo usiouona. Boti inakaa chini majini kuliko alama zake za zamani, muuzaji anasema "ni tangi limejaa." Basi toa mafuta tuone!

Sidai boti ya miaka thelathini iwe mpya. Tezi hujengwa upya, deki hufunguliwa na kuwekwa kiini kipya, na wapo mafundi wa kazi hiyo. Andikeni kwenye tangazo "tezi imeoza" na mteremshe bei, atapatikana mtu wa kuinunua akijua anachonunua. Na wewe uliyekatazwa kugonga, kuipandisha au kuiwasha ikiwa baridi, weka hapa sababu uliyopewa.