Sindano za MS zimeniachia shimo pajani, naombeni ushauri

BintiTanga
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 34, naishi Uingereza. Nina MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inakula utando wa neva zako mwenyewe. Mwaka wa nne huu najichoma glatirama miligramu 40, mara tatu kwa wiki. Dawa inanifaa, macho hayajafifia tena. Shida ni ngozi. Kila nikichoma panawasha na kuvimba, kisha pabaki kinundu kigumu. Paja la kulia limeingia ndani, kidole kinazama kama kwenye unga uliobonyezwa. Muuguzi aliniuliza kama panakuwa pekundu, nikasema hapana, akaandika sina tatizo. Ngozi yangu nyeusi, wekundu utaonekana wapi? Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na sare ni ya mikono mifupi. Mume wangu hajasema neno, ila taa nazima mimi. Wiki hii nimeruka sindano mbili. Nifanyeje?

MamaSwaumu
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilichoma interferoni beta, dawa nyingine ya MS, miaka saba, nikawa narudia palepale kwa kuwa hapaumi. Nilikosea sana. Chora mwili kwenye karatasi, kila ukichoma andika tarehe: tumbo, mapaja, nyuma ya mikono, makalio. Sindano itoe kwenye friji mapema itoke ubaridi. Pakiuma, weka barafu ndani ya kitambaa, na usipasugue. Mikono ipumzishe mpaka harusi ipite, lakini muulize muuguzi wako kwanza.

Nesi_K
Hilo shimo ni mafuta ya chini ya ngozi yaliyoyeyuka, kitaalamu lipoatrofi. Mara nyingi halijai tena, kwa hiyo hapo usichome tena kabisa. Muuguzi mwambie unachokigusa: joto, ugumu, maumivu, weusi uliozidi. Piga na picha. Ngozi ikichimbika au kutoa maji, nenda siku hiyohiyo. Na ukibanwa pumzi, ukivimba uso au kutokwa vipele mwili mzima, ita gari la wagonjwa. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kwamba glatirama inaweza kuleta mzio wa kuua hata kwa mtu aliyeitumia miaka.

Babu_Kijana
Dada, usiache kimyakimya, MS haitakusubiri. Omba kubadilishiwa. Mimi nimehamia okrelizumabu, dripu mara moja kila miezi sita, na ngozi imetulia. Vidonge navyo vipo, ila kama mnatafuta mtoto sema mapema, kwa sababu fingolimodi na teriflunomidi zinaweza kumdhuru aliye tumboni. Na hilo la taa mwambie daktari vilevile ulivyotuandikia. Wengi tunaficha, wao wanadhani tuko sawa.

BintiTanga
Nimelia kusoma haya, asanteni. Mtoto tunamtaka, kumbe sikuwahi kumtajia daktari. Nimepata miadi Alhamisi. Jana usiku nilichoma tumboni, upande wa kushoto, na tarehe nimeiandika.