Tupeane uzoefu: ushawahi kupekuliwa na polisi? Ilikuwaje?

Wakuu naanza mimi. Saa nane usiku mlango unagongwa "fungua, polisi!", nikatoka na msuli tu, wakaingia wanne, nauliza hati ya upekuzi iko wapi jamaa ananijibu "hati ni mimi". Godoro wakapindua, unga wa ugali wakamwaga chini, wakasepa na simu mbili na laki tatu ya ada ya mtoto na hata kikaratasi sikupewa. Asubuhi kituoni naambiwa hakuna askari aliyetumwa kwako. Baadae ndo wakili ananiambia hati inatekelezwa kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama, usiku hadi mahakama iruhusu. Ningejulia wapi?

mkaa_genge: Pole mkuu. Ila sio lazima hati itoke kwa hakimu, mkuu wa kituo nae anaweza kumwandikia askari wake, kile kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya hapa Tanzania, ilimradi awe na sababu za msingi za kushuku. Kwangu walikuja nayo ina mhuri, nikasema sawa ila namwita mjumbe kwanza. Mzee yule mbishi balaa, akawaambia vijana geuzeni mifuko yenu nje niione, mmoja mmoja, ndo muingie. Waligeuza!

dada_vitenge: Mi ilikuwa stendi, askari wa kiume anataka anipapase kiunoni eti bangi. Nikamwambia afande, mwanamke anapekuliwa na mwanamke tena kwa staha, sheria yenu hiyo. "We mwanasheria?" Nikamwambia nauza vitenge. Tukakaa dakika 40 tunasubiri afande wa kike, konda ananiangalia kama nimemfilisi.

bin_fundi: Stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa ndo kila kitu, na sahihi yako na ya mashahidi iwepo. Kesi ya kaka yangu ilifia hapohapo. Ila msijidanganye, kama ulishasaini hati ya ukamataji mali (ile fomu inayoorodhesha walichochukua) mahakama inaweza ikasema hiyo inatosha hata kama stakabadhi hukupewa, kwahiyo soma kabla hujashika kalamu, na kama wameandika kete kumi na wewe umeona mbili usisaini hata wakukunjie ngumi.

mwanzisha uzi: Mkaa_genge huyo mjumbe wenu mtaa gani nihamie. Na dada, basi halikukuacha?

dada_vitenge: Liniache wapi, nauli nilikuwa sijalipa 😂