Mjadala: Ubora wa gemu unapimika, au kipenda roho hula nyama mbichi?

Mleta mada, Nakuru
Jumamosi nilibishana na binamu yangu mpaka chai ikapoa. Yeye anashikilia kwamba hakuna gemu mbaya, ila kuna mchezaji asiyeipenda. Mimi nasema ubora unapimika. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, kwenye mashine ya PlayStation 4 ilikuwa ikikwama na kujizima, hata Sony, wenye mashine hiyo, wakaiondoa katika duka lao la mtandaoni wiki moja baadaye na kuwarudishia wateja pesa. Je, hayo nayo ni mapenzi ya mtu? Wanaolipia kucheza kwenye vibanda vya gemu dakika kumi kumi huenda wasiuone uzito wa swali hili, kwa kuwa hawamalizi gemu yoyote.

Kijana wa Kondele
Nimesoma hoja yako yote, mkubwa, lakini hilo la vibandani ndilo lililonikaa kooni. Nimecheza FIFA, ile gemu ya kandanda, kibandani tangu darasa la sita na ninaijua kwa vidole. Anayelipa shilingi 20 kwa kila mechi hana pesa ya kuhadaiwa na picha nzuri. Gemu ikimchosha, huweka padi, kile kidude cha kuchezea, chini akaenda zake. Wewe uliyenunua diski kwa maelfu ndiye unayelazimika kuisifu.

Mwalimu, Kakamega
Kijana ameshughulikia dharau, hoja akaiacha mlangoni. Kujizima kwa gemu ni kasoro ya ufundi, na kasoro huhesabika kama makosa ya tahajia; lakini nimesahihisha insha zisizo na kosa hata moja zikanitia usingizi. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, haina hadithi wala sura za watu, ni vipande vinavyoshuka tu, na bado inachezwa. Wazee wetu hukaa na ajua mpaka jua linazama, na mbele yao hamna ila mashimo na kete. Utamu huo utaupima kwa rula gani?

Mleta mada
Mwalimu, kama Tetris imedumu miaka 40, basi kudumu ndiyo rula yenyewe. Na kinyume chake ni E.T., gemu ya kampuni ya Atari, iliyokuwa mbovu hata ikazikwa jangwani Nevada.

Mama wa Wawili, Bungoma
Si Nevada, ndugu yangu. Ni Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na walipofukua mwaka 2014 walikuta pia gemu nyingine za Atari, Centipede ikiwemo, ambayo watu waliipenda sana. Kilichozikwa ni mali iliyododa ghalani. Ukilifanya kaburi kuwa ushahidi, itabidi umhukumu na jirani wa marehemu.

Mleta mada
Jimbo nimekosea, nakubali. Hiyo haiifanyi E.T. kuwa nzuri.

Mwenye kibanda, Bondeni
Mmenisema bila kunitaja. Kabla hamjaihukumu gemu, iangalieni padi kwanza. Kwangu iko moja ambayo kijiti chake cha kushoto kinavuta chenyewe: ukiondoa kidole, mchezaji wako anajiendea polepole hadi mstari wa pembeni, kama mtu aliyeitwa na mama yake. Anayepewa hiyo hulalamika kwamba gemu ya mwaka huu imeharibiwa. Akibadilishana na mwenzake na kufunga mabao mawili, gemu ileile imekuwa tamu. Niliifungua, nikapuliza vumbi na kupitisha spiriti kwa pamba, ikatulia siku mbili tu.

Kijana wa Kondele
Na unatoza shilingi 20 zilezile kwa padi hiyo? Hapo sasa ubora umepimika, mwalimu, na mimi ndiye niliyepunjwa.

Mwalimu, Kakamega
Tusigeuze mjadala kuwa baraza la bei, ingawa swali lako lina maana kuliko unavyodhani: aliyeichukia gemu kwa sababu ya kijiti kibovu, je, hakuichukia kweli?

Mama wa Wawili, Bungoma
Aliichukia kweli, ila alimchukia asiyemkosea. Mwenye kibanda, itupe padi hiyo.

Mwenye kibanda, Bondeni
Siwezi, mama. Kuna mteja anayeiulizia kabla hajaketi. Amezoea kuvutwa, anasema padi nzima zinamfanya mzito, na wiki hii amewafunga wote watatu waliokuwa na nzima.