Natafuta kazi mgahawani Dodoma, sina uzoefu. Naanzia wapi?

Kijana_wa_Nkuhungu: Wakuu, habari za mchana. Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha nne, naishi kwa dada. Natafuta kazi mgahawani, uhudumu au jikoni. Nimezunguka na bahasha ya vyeti kuanzia Area D hadi mitaa ya Nyerere Square, swali ni lilelile: "Umewahi kufanya wapi?" Nikisema sijawahi, namba yangu inaandikwa nyuma ya risiti, simu haiji. Naombeni ushauri, hata mkali.

Bi_Kaunta: Mdogo wangu, unakwenda saa ngapi? Kama ni saa saba mchana, umejiharibia mwenyewe. Meza zimejaa, msimamizi anahangaika na chenji, nani akusikilize? Nenda kwenye saa tisa na nusu, watu wamepungua. Bahasha iache nyumbani, wali kuku haupikwi kwa cheti cha fizikia. Kucha fupi, shati safi, viatu vya kufunika. Na usiseme "kazi yoyote", omba kuosha vyombo. Kwenye sinki ndiko watu hawakai.

Mpishi_Nzuguni: Hapo kwenye sinki naunga mkono. Ila kapime afya kwanza. Anayeshika chakula cha watu anatakiwa awe amepimwa, na mabwana afya wakipita wanadai karatasi. Ukifika nayo umemwondolea bosi usumbufu. Halafu mji huu unakula kwa ratiba ya Bunge. Bunge la bajeti ni Aprili hadi Juni, wageni wanafurika, kwa hiyo anza kuomba Machi. Upande wa UDOM usiende chuo kikiwa kimefungwa, huko wanapunguza watu.

Mzee_wa_Majengo: Mbukwenyi! Migahawa mikubwa ikikukataa, nenda kwa mama lishe pale sokoni Majengo. Utajifunza kubeba sahani nne na kushika oda kichwani: huyu ugali dagaa, yule wali maharage bila pilipili, huyu kalipa, yule atalipa "kesho". Ukiulizwa tena umefanya wapi, unamtaja mama na namba yake unayo.

Sina_Makuu: Jihadhari na "majaribio". Kuna sehemu nilifanyishwa mwezi mzima bila hata nauli, kisha wakaleta mwingine wa kujaribiwa. Kubalianeni mapema: siku ngapi, kwa siku shilingi ngapi, chakula kipo? Na glasi zikivunjika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu ukatwe hivihivi bila kukubali kwa maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara.

Mpishi_Nzuguni: Sheria hiyo msomee tajiri siku ya kwanza uone kama hujarudi Nkuhungu kwa mguu 😂. Ijue, ila kaa nayo kwanza. La malipo ya majaribio ndilo la kuuliza mapema.

Kijana_wa_Nkuhungu: Asanteni sana wakuu. Kesho naenda kupima, kisha Majengo. Bi Kaunta, wakiniambia nibebe trei?

Bi_Kaunta: Vizito viweke katikati, karibu na kifua, macho mbele, usiyatazame maji. Ukifika mezani usianze kutoa vya upande mmoja, trei litapinduka. Jizoeze na vikombe vya plastiki, vile vya kabatini vya dada yako usiviguse.